The Lord of the Rings (mchezo wa redio wa 1981)

The Lord of the Rings ni mchezo wa redio uliotayarishwa na BBC ya Uingereza kutokana na riwaya ya J. R. R. Tolkien yenye jina hilohilo, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Ulirushwa na Radio 4 katika sehemu 26 za nusu saa, kuanzia tarehe 8 Machi hadi 30 Agosti 1981. Uliandikwa na Brian Sibley na Michael Bakewell, ukaongozwa na Jane Morgan na Penny Leicester. Muziki ni wa Stephen Oliver.

BBC ilikwisha kuijaribu riwaya hii zamani. Novemba 1955, wiki chache baada ya juzuu ya tatu kutoka, Terence Tiller alianza kurusha mchezo wake katika idhaa ya Third Programme. Juzuu ya kwanza ilipewa sehemu sita. Mbili zilizobaki zikabanwa katika sehemu sita nyingine mwaka 1956. Tolkien hakuupenda. Aliona kitabu chake hakifai kuigizwa, na alikerwa kusikia Goldberry, mke wa Tom Bombadil, mkazi wa ajabu wa msituni, amefanywa binti wa Bombadil. Malalamiko yake yalikuwa ya haki: redioni jambo likishasemwa limepita, wala msikilizaji hana ukurasa wa kurudia.

Sibley na Bakewell walikuwa na nafasi kubwa zaidi, lakini nao ilibidi wakate. Walimwondoa Bombadil kabisa, pamoja na masaibu ya makaburini yanayofuata. Wapenzi wengi wa kitabu walisikitika, ila uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa kisa kikuu, safari ya Frodo ya kwenda kuiangamiza Pete ya uovu, husonga mbele bila yeye. Baadaye, mwaka 1992, Sibley alimtengenezea Bombadil mchezo wake katika mfululizo wa Tales from the Perilous Realm. Badiliko jingine lilikuwa la mpangilio. Katika juzuu ya pili Tolkien anasimulia kwanza habari za shujaa Aragorn na wenzake mpaka mwisho, ndipo anamrudia Frodo. Kwa mchezo unaosikika mara moja kwa wiki, mhusika mkuu angepotea masikioni muda mrefu mno; basi safari hizo mbili zikapishanishwa.

Vita vilikuwa mtihani mgumu zaidi. Maelfu ya askari hawaingii studio, na kelele za panga peke yake hazimwambii mtu nani anashinda. Pambano la Pelennor, vita kuu ya riwaya, likaghaniwa kishairi, waimbaji wakilisimulia kwa muziki wa Oliver. Hapo ndipo ufundi wa mchezo huu unapoonekana wazi kuliko kwingine kote.

Ian Holm aliigiza Frodo, Bill Nighy akawa Sam, mwenzi wake wa safari, Michael Hordern mchawi Gandalf na Robert Stephens Aragorn. Peter Woodthorpe, aliyekuwa sauti ya Gollum katika filamu ya katuni ya Ralph Bakshi ya 1978, alirudia nafasi hiyo. Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete, hubishana na nafsi yake, na Woodthorpe alizitenga nafsi hizo mbili kwa koo moja: moja inabembeleza, nyingine inafoka, na msikilizaji hakosi kujua ni ipi inayosema.

Mwaka 1982 mchezo ulihaririwa upya kuwa sehemu 13 za saa moja, na baadaye ukauzwa kwa kanda na CD. Holm aliirudia hadithi hii katika filamu za Peter Jackson, ya kwanza ikitoka 2001, safari hii akiwa Bilbo, jamaa mzee wa Frodo.