Soriasisi na baridi yabisi yake

Psora kwa Kigiriki ni muwasho, na ndiko lilikotoka neno soriasisi. Ulaya ilichukua muda mrefu kuujua ugonjwa wenyewe: madaktari waliuchanganya na ukoma, mpaka Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoutenganisha nao mwaka 1841. Kwetu mkanganyiko haujaisha. Mwenye mabaka ya magamba viwikoni, magotini na kichwani huambiwa ana fangasi, mara mba, mara ukurutu, na dukani akauziwa dawa ya kila kimoja kwa zamu.

Kuna kishawishi cha kuuita "upele sugu". Nakikataa. Upele kwetu huambukizwa, na jina hilo tu linatosha kumfanya jirani akatae kumpa mgonjwa mkono, ilhali soriasisi haiambukizi kwa mkono, kwa taulo wala kwa kitanda. Hata "ugonjwa wa ngozi" ni nusu ya ukweli, maana chanzo ni kinga ya mwili iliyokosea adui. Seli za kinga huichochea ngozi, na seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi mzima kukomaa na kupukutika hufanya hivyo kwa siku chache, zikarundikana. Hilo ndilo gamba. Likibanduka, chini yake hutokeza vitone vya damu. Vitabu vingi husema baka ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi huwa la zambarau, kijivu au hudhurungi iliyokoza, na tabibu anayetafuta wekundu ataliacha lipite.

Ugonjwa huu una mkono wa urithi, lakini mara nyingi huamshwa na kitu: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, jeraha, lithiamu, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hata klorokwini.

Soriasisi hushambulia viungo pia, na kwa upande huo baridi yabisi ni neno tulilo nalo tayari, basi baridi yabisi ya soriasisi inatosha. Ila hiyo "baridi" ina mtego: watu hulaumu maji ya kisimani au kulala sakafuni. Baridi yabisi hii huwapata hadi wagonjwa 3 kati ya 10 wa soriasisi. Kidole huvimba chote, shina hadi ncha, kisigino huuma, asubuhi viungo hugoma kukunjika. Tazama kucha: zikiwa na vishimo vidogo kama zimedungwa sindano, muulize mgonjwa kuhusu viungo vyake. Kipimo cha damu cha baridi yabisi ya kawaida mara nyingi hutoka hasi, naye akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Hakuna dawa ya kuung'oa kabisa, lakini hutulizwa. Mabaka machache hupakwa steroidi au kalsipotrioli; yakienea, mgonjwa huwekwa kwenye mwanga maalumu wa urujuanimno. Steroidi kali ndizo hizohizo zinazochanganywa kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi, kwa hiyo watu huzinunua bila cheti na kuzipaka miezi hadi ngozi inakuwa nyembamba. Sindano za kibayolojia hufanya kazi vizuri, ila bei yake ni ya wachache. Iliyo karibu zaidi na mfuko wetu ni methotreksati, kwa ngozi na kwa viungo pia. Haifai kwa mjamzito, haipatani na pombe, na damu na ini hupimwa mara kwa mara. Humezwa mara moja kwa wiki. Wapo walioimeza kila siku kwa kutosoma lebo, ikawaharibu uboho.