Shujaa: Kutoka kwa Liyongo hadi Katiba ya Kenya

Katika Kiarabu cha kale, shujaa ni mtu asiyetishwa na hatari. Ni aina ya nyoka pia, na wanafalaki wa Kiarabu waliliita hivyo kundi refu la nyota lililojinyoosha angani.

Neno lilipotua pwani ya Afrika Mashariki, nyoka alibaki ng'ambo. Waswahili walimchukua mtu peke yake, wakaukataa hata wingi wa Kiarabu na kumpa wa kwao: mashujaa. Tena hawakumchanganya na majirani zake. Hodari aweza kuwa hodari wa kulima au kupika, na jasiri aweza kuthubutu hata jambo la kipuuzi. Shujaa hutajwa na wengine; anayejiita hivyo mwenyewe huchekwa.

Katika Pate na kando ya mto Tana, aliyetajwa kuliko wote ni Fumo Liyongo, bingwa wa upinde na mashairi. Husimuliwa kwamba silaha hazikumdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma nayo ni mwanawe wa kumzaa. Muhammad Kijuma wa Lamu aliutunga utendi wake mwaka 1913. Shujaa huyo alikuwa mmoja, na adui zake walikuwa jamaa zake.

Karne ya 20 ilimfanya shujaa kuwa jambo la serikali.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Kenya, Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria, miongoni mwao Bildad Kaggia, Paul Ngei na Achieng Oneko. Baada ya uhuru, tarehe hiyo iliitwa Siku ya Kenyatta. Wenzake hawakuwemo katika jina, na wapiganaji wa msituni walikuwa na shida kubwa zaidi: harakati yao, Mau Mau, iliyopigwa marufuku mwaka 1950, iliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003. Sanamu ya kiongozi wao Dedan Kimathi, aliyenyongwa Februari 1957, ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha jina kuwa Siku ya Mashujaa. Tanzania huwakumbuka mashujaa wake kila Julai 25. Na timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, iliyoichapa Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, huitwa kwa umoja: Shujaa.