Mgeni Katika Mgomo: Dakar, 1968

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kuku mweupe hajulikani kwa ukubwa wala kwa kelele, bali kwa rangi yake. Na mwewe apitapo juu ya ua humwona yeye kabla ya wenzake. Ukitaka kuujua ukweli wa methali hii, msomaji, fuatana nami mpaka Dakar, mji mkuu wa Senegal, katika mwezi wa Mei 1968.

Chuo Kikuu cha Dakar kilianzishwa mwaka 1957, Ufaransa ilipokuwa ikitawala bado nchi nyingi za Afrika ya Magharibi, nacho kilikuwa chuo cha nchi hizo zote. Kwa hiyo, hata baada ya Senegal kupata uhuru mwaka 1960, Waafrika waliotoka nchi nyingine walikuwa wengi humo kuliko Wasenegali wenyewe. Sasa jifanye kuwa wewe ni mmoja wao. Kwenu ni Dahomey, nchi iitwayo Benin tangu mwaka 1975. Unalala katika bweni lisilo mbali na bahari, na mitihani ya mwisho wa mwaka i karibu.

Ugomvi wenyewe ulianza mbali na mfuko wako. Serikali ya Rais Léopold Sédar Senghor ilikuwa na dhiki, maana karanga, zao kubwa la nchi, hazikupata tena bei nzuri ya zamani huko Ufaransa. Basi mwezi wa Oktoba 1967 ikaamua kuzigawanya fedha za masomo za Wasenegali, wengine wapate nusu na wengine theluthi; tena zilipwe kwa miezi 10 badala ya 12. Kwa kijana wa nyumba maskini, miezi miwili bila fedha si jambo dogo. Tarehe 18 Mei wanafunzi waligoma siku moja ili kuonya. Tarehe 27 wakagoma bila kuweka kikomo, wakaisusia na mitihani.

Je, wewe ungefanya nini? Ukienda kufanya mtihani, utapita mbele ya rafiki uliokula naye sahani moja. Ukigoma, unakihatarisha cheti ambacho ukoo mzima unakingojea, tena katika nchi usiyo na kura wala baba wa kukutetea. Chama kilichowaunganisha wanafunzi wa mataifa mbalimbali kiliamua kusimama pamoja na Wasenegali.

Tarehe 29 Mei askari waliingia chuoni kwa nguvu na kwa mabomu ya machozi. Kwa hesabu ya serikali, mtu mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa. Chuo kikafungwa. Wasenegali wengi walizuiliwa kambini. Wageni walikusanywa, wakarudishwa makwao. Mtu aliyeagwa nyumbani kwa furaha na matumaini alirudi bila cheti.

Mjini nako hapakukalika. Tarehe 30 serikali ilitangaza hali ya hatari. Vyama vya wafanyakazi vikaitisha mgomo mkuu, na tarehe 31 viongozi wao wakakamatwa. Lakini mgomo huo haukupita bure. Mwezi wa Juni serikali ilipatana na wafanyakazi, na kima cha chini cha mshahara kikaongezwa kwa asilimia 15. Mwezi wa Septemba ikapatana na wanafunzi wa Senegal.

Hapa ndipo nitakapo utazame vizuri, msomaji. Aliyegoma kwa ajili ya mkate wake alikuja kuketi mezani, akasikilizwa. Aliyegoma kwa ajili ya mkate wa rafiki yake alikuwa amekwisha kuondolewa nchini. Usiseme kwa haraka kwamba mgeni alikuwa mjinga. Huenda wema wake ulizidi wa wote, kwa kuwa hakutazamia faida. Basi kila usomapo habari za mgomo, baada ya kuuliza nani alishinda na nani alishindwa, uliza tena: mgeni alikuwa wapi, naye alilipa nini?