ASKARI WANNE KANDO YA MTO BILATE



Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imetuomba sisi walimu wa historia tuandike juu ya ushujaa wa askari kijana vitani. Tunakiri kwamba ombi hilo lilitupa tabu. Watoto tunaowafundisha wanamjua askari kwa namna moja tu: ni mtu ambaye ukisikia viatu vyake unazima taa, unambeba mdogo wako na kukimbilia porini. Tulipoanza somo la Vita Kuu ya Pili, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, askari anaweza kumfia mtu?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunamjibu.

Mwezi Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Habeshi. Mwezi Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie akakimbilia Uingereza, akaishi katika mji wa Bath. Naye basi alikuwa mkimbizi, na alisubiri miaka 5 kurudi kwao. Italia ilipoingia katika Vita Kuu upande wa Ujerumani mwezi Juni 1940, Waingereza waliamua kuwatoa Waitalia Ethiopia. Walishambulia kutoka Kenya na kutoka Sudan, na tarehe 5 Mei 1941 Mfalme akarudi Addis Ababa.

Hata hivyo, vita havikuwa vimekwisha. Majeshi makubwa ya Italia yalibaki kusini, katika nchi ya maziwa, na magharibi. Mvua zilikuwa zimeanza, barabara zikageuka matope, mito ikajaa. Waliotumwa kuwafuata huko wengi wao walikuwa Waafrika. Walikuwapo askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Upande wa magharibi walikuja askari wa Kongo wa Force Publique, waliopitia Sudan. Hao waliteka Asosa na Gambela mwezi Machi 1941, na mwezi Julai jenerali wa Kiitalia akasalimu amri kwao kule Saio, mji unaoitwa sasa Dembi Dolo. Mzee mmoja wa mtaa wetu husimulia kwamba baba yake alikwenda vita hivyo akarudi na kikombe cha bati tu. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali. Babu zetu wa pande zote mbili za Ziwa Tanganyika walikuwamo.

Sasa tufike mtoni. Tarehe 19 Mei 1941, kombania mbili za batalioni ya 1/6 ya Keya, kikosi cha Tanganyika, zilivuka mto Bilate karibu na mji wa Colito, ambao leo ni Alaba Kulito. Daraja lilikuwa limebomolewa, na kule ng'ambo askari wetu hawakuwa na silaha kubwa kuliko bunduki za mkononi. Ghafla vifaru vya Waitalia vikatokea, vingine kutoka nyuma yao. Mbele kulikuwa na risasi, nyuma kulikuwa na mto. Kombania zote mbili zilikuwa karibu kuangamizwa.

Alikuwapo hapo Sajini Nigel Leakey, kijana wa miaka 28, mtoto wa walowezi wa Kiingereza, mzaliwa wa Kenya. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia askari kwa mizinga midogo ya inchi 3, lakini makombora yalikuwa yamemwishia. Angeweza kujilaza chini na kungoja, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikimbia akarukia juu ya kifaru kilichokuwa kinawajia wenzake kwa nyuma, akafungua mfuniko kwa nguvu, akampiga bastola mkuu wa kifaru na watu wake, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha aendeshe hadi mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Akashuka, akasema atavifuata vifaru vingine kwa miguu.

Hakwenda peke yake. Walifuatana naye Sajini Meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu wanne wakavizia vifaru katikati ya risasi za bombomu. Viwili vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja aliyekuwa ndani. Kifaru cha nne kikampiga risasi, akaanguka. Wenzake watatu waliona yote, ndipo wakaingia kichakani. Askari waliobaki walipata moyo, wakaendelea kupigana, na Waitalia wakashindwa siku ile.

Tarehe 15 Novemba 1945, vita vilipokwisha, ilitangazwa kwamba Leakey amepewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Jina lake limeandikwa Nairobi, katika kumbukumbu ya askari wasiojulikana kaburi lao. Alistahili. Lakini hati ya nishani hiyo, inayomtaja kwa jina na kwa namba yake ya jeshi, inawataja wale watatu kwa cheo tu: Sajini Meja mmoja wa Kiafrika na askari wengine wawili. Walikwenda kwa miguu kukabili vifaru vilevile. Tena walikwenda kumrudishia mfalme mwingine nchi yake, ilhali nchi zao wenyewe zilitawaliwa na wageni.

Hivyo basi, mwanafunzi wetu, jibu ni hili: ndiyo, anaweza. Bunduki na sare havimfanyi mtu kuwa shujaa, kwani waliotufukuza sisi walikuwa navyo. Kando ya mto Bilate ushujaa ulikuwa kusimama kati ya kifaru na watu waliokuwa karibu kusagwa.

Na sisi tunao watu wa namna hiyo. Wapo waliobaki nyuma njiani na wazee wasioweza kutembea. Wapo walioshuka mtumbwini ili watoto wapate nafasi. Hawakupewa nishani, na wengi hatujui walipolala. Ndugu zetu wa mashirika mnatuhesabu kwa kadi na kwa mgao, nasi hatulaumu, kwani bila hesabu chakula hakifiki. Lakini hesabu haitaji jina la mtu. Tusipoandika sisi, wajukuu wetu watasoma kwamba walikuwapo "wengine wawili".

Kwa sababu hiyo tumefungua daftari shuleni. Liko katika ofisi ya walimu kila siku baada ya masomo. Njoo utuambie jina kamili la mtu wako, ni mtoto wa nani, alitoka kijiji gani, na alifanya nini. Asiyejua kuandika, wanafunzi wa darasa la sita watamwandikia. Yule aliyetuuliza swali ameshaomba awe wa kwanza kushika kalamu.