Jopo la Nakuru na Kifo cha Kitosh

Mwenye jamaa aliyechukua uraia wa Marekani huenda amesikia habari za kuitwa kwenye jopo la mahakama. Barua hufika nyumbani, na dereva, mwalimu au muuza duka huacha shughuli zake akaketi na wenzake kusikiliza kesi ya mtu wasiyemjua. Katika kesi kubwa za jinai jopo kwa kawaida huwa na raia 12. Jaji huwaeleza sheria, lakini wao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Haki hiyo imo katika Katiba ya Marekani. Hapa Bahati wapo wanaouliza kwa nini Kenya haina utaratibu huo. Ilikuwa nao, na jopo lilikaa Nakuru, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa.

Waingereza walikuja na jopo Kenya kama walivyolipeleka Marekani, ila huku walilifanya kuwa haki ya Mzungu, na waliomhukumu walikuwa Wazungu wenzake. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata. Kibarua wa mashamba ya walowezi, kama yale ya Bahati, hata wazee hao hakuwaona. Akitoroka kazi, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilimfikisha mbele ya hakimu peke yake.

Jopo la aina hiyo liliamuaje? Mwaka 1911 Galbraith Cole, mfugaji wa Elmenteita na shemeji yake mlowezi mashuhuri Lord Delamere, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo. Jopo likamwachilia. Ilibidi serikali yenyewe imfukuze nchini.

Kesi ya Kitosh ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 1923 kijana huyo alikuwa akifanya kazi kwa mlowezi Jasper Abraham, huko Molo. Alitumwa na farasi jike mwenye mimba, akaonekana amempanda badala ya kumwongoza kwa miguu. Alichapwa viboko vikali, akafungwa kamba na kutiwa ghalani, na usiku huohuo akafa. Mahakamani Nakuru, daktari aliyeupasua mwili alisema kijana ameuawa na majeraha. Madaktari wa upande wa utetezi wakaja na nadharia kwamba Kitosh alikuwa ametamani kufa, na kwamba hamu hiyo ilichangia kifo chake. Jopo la walowezi halikumtia Abraham hatiani kwa mauaji. Lilisema alimdhuru vibaya tu, naye akafungwa miaka miwili. Mwandishi Karen Blixen aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1937, na ndiyo sababu jina la Kitosh bado linajulikana.

Marekani nako rangi ililichafua jopo. Mwaka 1880 Mahakama ya Juu ilikataza sheria za kuwazuia watu weusi kuwa wanajopo, lakini mwaka 1955, Mississippi, wanaume weupe 12 waliwaachilia walioshtakiwa kwa kumuua kijana mweusi Emmett Till baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja hivi. Miezi michache baadaye washtakiwa walikiri katika jarida. Wamarekani hawakulivunja jopo. Waliendelea kupigania viti vyake, na mwaka 1986 mahakama hiyohiyo ikawazuia viongozi wa mashtaka kuwaengua wanajopo kwa sababu ya rangi.

Kenya ilifuata njia nyingine. Jopo liliondolewa, na wazee wa baraza wakafuata mwaka 2007. Sioni la kulilia katika kuondoka kwa jopo lile. Kati ya mabaya yake, ninalolihesabu kuwa baya zaidi ni hili: halikudaiwa sababu. Wanajopo wa Nakuru walitamka neno lao wakaenda zao mashambani, na jamaa za Kitosh hawakuelezwa kwa nini ushahidi wa daktari wa kwanza haukutosha.

Leo mshtakiwa wa Bahati husomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa. Akijibu “si kweli”, karani huandika hivyo, na kuanzia hapo mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Mwishoni hakimu au jaji lazima aandike hoja zilizobishaniwa, alichoamua na sababu zake. Hukumu inayofumba macho mbele ya ushahidi inaweza kukatiwa rufaa ukurasa kwa ukurasa.

Raia amebaki bila kiti cha kuamua, lakini Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kesi inayosikilizwa hadharani. Kwa hiyo nawaomba vijana wetu, hasa walio shuleni na vyuoni: nendeni Nakuru mkaketi kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama, msikilize kesi moja hadi hukumu yake, kisha ombeni kuisoma.