Kilo Mbili Zimetoka Wapi? Hii Ndio Vitu Inasukumanga Mizani Yako

Unamjua msee wa mizani, wale wa kando ya barabara pale Archives na Moi Avenue. Unampea mbao, unapanda, unaambiwa 71. Na Jumatatu ulikuwa 69! Hapo hapo umeshakata chapo za jioni, na kesho lanchi ni maji na Big G.

Tulia kwanza, tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kuongeza kilo mbili za mafuta toka Jumatatu hadi leo Jumatano, ungekula kalori 15,400 juu ya zile mwili wako unatumia kila siku. Tuseme chapo moja ni kalori 250. Hizo ni chapo zaidi ya 60, na bado hatujahesabu chakula yako ya kawaida. Hata kama wewe ni mnoma kwa meza, hapo hukufika.

Kwa hivyo hizo kilo si mafuta. Mob ni maji, na msosi wenye bado uko safarini.

Ukidunga soda ya nusu lita, umeongeza nusu kilo hapo hapo kwa mizani. Ugali na sukuma ya jana mchana inaweza kaa ndani siku moja, mbili, hata tatu kabla itoke yote. Halafu kuna viatu, jaketi, simu, na hiyo mizani yenyewe imewekwa kwa lami imeinama.

Chumvi nayo ni mchezo mwingine. Mwili hauwachi damu ikuwe na chumvi kupita kiasi, so unashikilia maji ya kuipunguza makali. Kwa kila lita ya hayo maji kuna kama gramu 9 za chumvi. Kijiko kidogo ni kama gramu 5. Sasa fikiria ile chips na smokie ulimanga jana usiku ukingoja mat ya 46 ya kwenda Kawangware. Nusu lita inaweza kaa hapo hadi figo zimalize kazi yake.

Lakini ile yenye inadanganyanga watu zaidi ni wanga. Ugali, chapo, wali: mwili unaweka sehemu yake kwa misuli na ini kama akiba, inaitwa glaikojeni. Mtu mzima anaweza beba kama nusu kilo, na kila gramu inakaa na kama gramu 3 za maji. Piga hesabu tena: akiba na maji yake ni karibu kilo mbili. Ndio maana mtu akikata ugali siku nne anaposti "nimeangusha kilo mbili!" Ameangusha maji. Akirudia chapo wikendi, kilo zinarudi, na anajilaumu bure. Hata ukifunga siku nzima na mwili uchome kalori 2,200, mafuta yenye yanaweza toka hayafiki gramu 300.

Jasho pia. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda Dubai Marathon 2009 kwa 2:05:29, na akamaliza akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Saa mbili tu! Hayo yalikuwa maji karibu yote. Wewe ukitembea na miguu toka tao hadi Kangemi kwa jua ya saa saba, ni hiyo hiyo stori, ndogo tu.

Madem, nyinyi mna moja ya ziada: siku chache kabla ya periodi, homoni zinaweza fanya mwili ushike maji. Inatokanga yenyewe.

Sasa ile imenikula doo. Nilinunua chai ya kupunguza tumbo hapo tao, thao nzima. Siku mbili nilikuwa nimehamia choo, na mizani ikashuka kilo moja na nusu. Siku ya nne, zote zimerudi. Chai mob za hivyo ziko na sena, dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwa utumbo mkubwa, na kalori zimeshaingia mwilini huko juu kwa utumbo mdogo. Unatoa maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanaharibika. Mimi nilibahatika.

Kama unataka kujua ukweli, jipime asubuhi ukitoka choo, kabla ya chai, mizani ile ile. Fanya hivyo siku saba, utafute wastani, halafu linganisha na wastani ya wiki ijayo. Namba ya siku moja haina maana.

Ila kuna maji si ya kupuuza. Uzito ukipanda kama kilo mbili kwa siku tatu, na miguu imevimba ama ukilala pumzi inakata, hiyo inaweza kuwa moyo ama figo. Mama mjamzito akivimba uso na mikono ghafla, presha inaweza kuwa imepanda. Hapo usingoje wastani ya wiki, enda hosi siku hiyo hiyo.