Kadi ya Watu Wanane

Mama alipofariki tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya kanga alizoweka bila kuzivaa, tukakuta kadi ya duka. Karatasi yake ngumu imegeuka rangi ya chai, na pembe moja imeliwa na mende. Juu limeandikwa jina la baba, na mbele yake: idadi ya watu, 8. Chini yake kuna vyumba vidogo vidogo vya sukari, sembe, mchele, sabuni na mafuta, na ndani ya kila chumba alama ya kalamu ya muuzaji. Ndugu zangu waligawana kanga. Mimi niliomba kadi.

Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye, inafaa nieleze kidogo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi yetu ilikaukiwa na fedha za kigeni. Mafuta yalikuwa ghali, viwanda vilikosa vipuri, na bidhaa za kawaida kabisa zikawa adimu. Kilichopatikana kilishuka kupitia kampuni za biashara za mikoa hadi kwenye maduka yaliyoteuliwa. Mtaani kwetu Tabora balozi wa nyumba kumi alihesabu watu wa kila kaya, akatia sahihi, na kaya ikapewa kadi na duka lake. Bei ya dukani ilikuwa ya serikali. Bei ya mlanguzi ilikuwa anavyotaka mlanguzi. Mshahara wa baba, aliyekuwa karani, usingefika katikati ya mwezi kama tungenunua kwa mlanguzi. Kadi ile ndiyo iliyotuvusha.

Lakini kuwa na kadi ni jambo moja, kujua kuitumia ni jambo jingine. Wengi walichukua mgawo wao, wakaula, wakangoja mwezi mwingine. Mama hakuwa hivyo. Sukari yetu hatukuinywa. Nyumbani chai ilitiwa asali, kwa sababu asali ndiyo mali ya Tabora, na wenyeji wa porini waliileta mjini kwa baiskeli. Wale wa asali hawakutaka sana fedha, kwani fedha ingewanunulia nini? Walitaka sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Basi mama alibadilisha sukari kwa sabuni na mke wa mfanyakazi mmoja wa reli, akakata mche wa sabuni vipande, na kwa vipande hivyo akapata asali na michembe. Nguo zetu za kila siku tulizifua kwa majani ya mpapai. Sabuni halisi ilikuwa ya sare za shule, na ya biashara. Unga wa njano tulioupa jina la Yanga, kwa rangi ya jezi za timu ile, hakuubadilisha na mtu. Hakuna aliyeutaka, kwa hiyo tuliula sisi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa historia, niliwapeleka wanafunzi Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi na mizigo. Nilikuwa nikiwaeleza maana ya posho, nikajikuta nasimulia habari za mama.

Neno posho leo tunalijua la maofisini, na kwa majirani zetu wa Kenya na Uganda ni unga au ugali wenyewe. Katika safari za pwani hadi Unyanyembe na Ujiji lilikuwa chakula cha njiani cha mpagazi. Desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Lakini hakuna msafara uliobeba nafaka ya miezi mitatu. Ulibeba vitambaa na shanga, na mpagazi alipewa sehemu yake ya kitambaa akajinunulie chakula kijijini. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili doti. Stanley, alipokuwa akijiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, aliambiwa kwamba doti 10 kwa siku zingelisha watu 100. Kitambaa cha thamani kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani. Nikakumbuka kwamba mahindi ya Yanga nayo yalitoka huko huko, ila yalikuja na heshima kidogo zaidi ya ile iliyostahili.

Hapo ndipo werevu ulipohitajika. Shanga nyeusi zilikubaliwa Ugogo, na makabila mengine yakazikataa. Nyeupe zilipendwa Ufipa. Aliyefika mahali na rangi isiyotakiwa alikuwa tajiri mwenye njaa. Kwa hiyo wazoefu walipima: wapi chakula ni rahisi, kitambaa kingi kitoke, wapi ni ghali, watu wapite haraka. Mpagazi mwerevu naye hakula posho yake yote. Alikula kidogo, akachuma mboga za porini, na kipande kilichobaki akakifunga kwenye mzigo wake arudi nacho kwao. Wapagazi walijigawa katika kambi ndogo za watu waliokula chungu kimoja, wakaunganisha vitambaa vyao na kununua pamoja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini nilipowaambia wanafunzi habari hizi niliziona nyumba kumi za mtaa wetu, na mama akipita uani kwa watu akiwa na sabuni chini ya kanga.

Kuna na upande mwingine. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871, mgonjwa na amechoka, alikuta mizigo aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Mlango wa nyuma, kama tulivyouita sisi, haukuanza na maduka ya miaka ya themanini.

Na nikisema mlango wa nyuma siwezi kumwacha bibi.

Bibi mzaa baba ndiye aliyekuwa mtu wa nane. Alifariki masika ya 1982, akazikwa kijijini, na balozi mwenyewe alikaa nasi matangani. Kadi ilipokuja kuhakikiwa, balozi aliuliza, "Mama, mko wangapi?" Mama akajibu, "Wanane, mzee." Balozi alimtazama kidogo, akatia sahihi. Baba alikuwepo. Alinyanyuka akatoka nje.

Mwezi Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa kwa bidhaa walizozificha, na wengine walitupa mali usiku ili asubuhi wasikutwe nazo. Baba aliogopa. Alisema sukari ya marehemu ni uhujumu kama uhujumu mwingine, na kwamba sabuni ya mama nayo mtu akitaka anaweza kuiita ulanguzi. Mama alimjibu kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Bibi yao alikuwa akiwalisha. Acha aendelee kuwalisha."

Mimi ndiye niliyetumwa dukani. Foleni ilianza alfajiri, na aliyetaka kurudi nyumbani kunywa uji aliweka jiwe mahali pake. Siku moja ya mwaka ule muuzaji aliisoma kadi, akaniuliza kama bibi bado mgonjwa. Nikasema ndiyo. Akapima sukari ya watu wanane. Nyuma yangu walikuwa wamebaki watu wachache, na wa mwisho alikuwa jirani yetu, mama mwenye mtoto wa siku chache mgongoni. Alipofika mbele, gunia lilikuwa limekung'utwa. Alisimama kidogo pale mbele ya meza, kisha akaondoka bila kusema neno.

Nyumbani nilimweleza mama jinsi ilivyokuwa. Hesabu haikuwa ngumu, hata kwa mtoto. Mama alichota sukari kikombe kimoja, akakifunika kwa sahani, akaniambia nipite uani.

"Shikamoo mama. Mama amesema hii ni ya uji wa mzazi."

"Marahaba mwanangu." Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akamimina sukari kwenye chombo chake, akakifuta kikombe kwa ncha ya kanga. "Mwambie mama ahsante. Na bibi yako mwambie ahsante."

Yeye pia alikuwa matangani kwetu.

Nilifikisha salamu zote mbili. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Kadi haikubadilishwa. Iliendelea kusema wanane mpaka baada ya 1984, biashara ilipoanza kufunguliwa, bidhaa zikarudi na kadi zikasahauliwa. Ila tangu siku ile, kila mgawo ulipofika, kikombe kimoja kilipita uani kwanza, kabla mama hajaipima sukari yetu.